Darasa la Chumba cha Kufulia

Kosa alilolifanya Zawena lilikuwa la kujibu. Aliulizwa, akajibu, na balaa lote lilianzia hapo. Mtu wa Juu atakuambia hilo si kosa hata kidogo, lakini yeye akiuliza jambo hujibiwa na mnong'ono uliotiwa nyuma ya sikio lake, si na mtoto wa dobi.

Siku hiyo Zawena na mama yake, Siwazuri, walikuwa wanapandisha nguo safi kwa kigari kwenda kwa maofisa. Zawena alikuwa na miaka minane na kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa lifti usijifunge. Kwenye korido ya Juu walimkuta mwanamume amesimama chini ya tundu la hewa, amelegeza kola, anasema peke yake, "Hivi hii hewa mbona nzito namna hii?" Hakuwa anamuuliza mtu. Watu wa Juu huongea hivyo mchana kutwa. Zawena hakulijua hilo, basi akasimama, akamweleza kwa adabu kwamba chujio la upande wa mashariki limeziba vumbi la chumvi, feni inavuta kwa nguvu zake zote lakini inazungusha hewa ileile iliyokwisha kupumuliwa, na kwamba likikung'utwa watapata nafuu kabla ya chakula cha jioni. Kisha akamwamkia, maana alikuwa amesahau kuanza na shikamoo.

 Siwazuri akamshika mtoto mkono, akasukuma kigari bila kugeuka nyuma.

Mtoto wa Juu angenyamaza. Mtoto wa Chini hawezi, na sababu yake ni ya zamani kuliko jiji lenyewe. Kabla jua halijawa kali kiasi cha kuwakusanya watu wote chini ya Paa linalofunika jiji, watu wa Chini waliishi kwenye mbuga za magadi. Ukoko wa magadi ni mweupe kote, lakini pengine unabeba ng'ombe na hatua chache mbele unammeza mtu mpaka shingoni. Mgeni akikuuliza njia, ukimwelekeza vibaya umemuua. Ukinyamaza, umemuua vilevile. Kwa hiyo walilea watoto wao hivi: ukiulizwa ujibu, jibu liwe la kweli, na kama hujui useme hujui. Walipohamia chini ya Paa waliacha mengi, tabia hiyo hawakuiacha. Polisi waliipenda sana, kwa kuwa kule Chini hawakuhitaji wapelelezi. Waliuliza tu.

Sasa utasema, watu wasioweza kudanganya waliwezaje kuficha shule miaka yote ile? Jibu ni rahisi, na linaudhi. Hakuna mtu wa Juu aliyewahi kuuliza kama watoto wa Chini wanajua kitu.

Shule yenyewe ilikuwa nyuma ya mashine za kukaushia, katika chumba cha kufulia cha mtaa wa madobi. Mashine zilipiga kelele mpaka mwalimu alilazimika kuinama ili asikike. Sheria ya Mafunzo ilikataza mtoto wa Chini kufundishwa na mtu. Akifika miaka kumi na miwili hutiwa mnong'ono nyuma ya sikio, kidude kidogo mfano wa punje ya mchele, na sauti yake huisikia ndani ya mfupa mpaka azeeke. Wa Juu nao wanatiwa, ila wao mnong'ono wao hujibu maswali. Ule wa Chini huamrisha: fungua, geuza, subiri, funga. Haukuambii kwa nini, na haunyamazi muda wa kutosha wewe mwenyewe kujiuliza.

Siwazuri alimwona mdogo wake, Machano, akiisha hivyo. Utotoni Machano aliuliza mpaka watu wakamfukuza jikoni. Alipotiwa punje alipambana nayo mwaka mzima, akawa anazungumza kwa vipande, kisha akachoka. Siku hizi ukimsalimia hutulia kwanza, kama anaomba ruhusa, ndipo akuitikie. Siwazuri alimpenda sana, na kila alipomwona akitulia vile ilimuuma upya.

Madobi peke yao hawakutiwa. Waliotunga sheria waliona kufua ni kazi isiyohitaji akili, kwa hiyo haihitaji maelekezo. Siwazuri aliwashukuru kwa dharau hiyo kila asubuhi. Mafundi wa feni na wa mabomba walikuja kwa madobi wakaeleza mikono yao imefanya nini leo, na madobi na watoto wakakaa kutafuta sababu. Mbona kilango kile kinafungwa kabla ya hiki? Mbona maji yanapanda bomba jembamba upesi? Walibishana, wakajaribu kwa beseni na mipira, mpaka wakaelewa. Aliyeelewa leo ndiye aliyefundisha kesho, awe na miaka arobaini au sita.

Somo la kwanza lilikuwa feni, kwa kuwa feni ndiyo roho ya jiji zima. Sharti lake lilikuwa moja: tutajua kila kitu kuhusu hewa, na hatutaigusa.

*

Kombo ndiye aliyeleta habari. Alikuwa fundi wa feni, baba wa watoto wawili waliosoma pale, mtu wa maneno machache maana mnong'ono ulimkatiza. Alisema yule bwana wa kwenye korido anaitwa Taufiki na ni Mkaguzi wa Mafunzo. Kati ya maofisa wote wa Juu, mtoto amekwenda kumjibu huyo. Alitaka kucheka, akashindwa.

Tangazo lilitoka kwenye vipaza sauti mchana uleule. Watoto wa mtaa wa madobi watahojiwa Jumatatu, na atakayeonekana amefundishwa atatiwa mnong'ono papo hapo bila kungoja umri.

Wazazi walikutana kwenye chumba cha kufulia wakiwa na nguo mikononi, ili waonekane wana kazi. Kijana mmoja wa mabomba alisema wazime feni saa moja tu, Juu wapate adabu. Kombo alimtazama mpaka akainamisha kichwa, akamwambia huko juu kuna vichanga, na neno hilo halikurudiwa. Kisha Kombo akatoa lake. Watoto wafundishwe kusema hawajui. Siku moja tu, Jumanne warudishwe kwenye ukweli wao. Watu walinung'unika, akina mama wawili wakalia, lakini hakuna aliyekuwa na wazo bora. Wote wakamgeukia Siwazuri, maana yeye ndiye mwalimu na kazi ilikuwa yake.

Alikubali. Alikubali upesi, kwa sababu alimfikiria Zawena akitulia vile kabla ya kuitikia salamu.

*

Siwazuri alikuwa mwalimu mzuri, na ubaya wa mwalimu mzuri ni kwamba hata akifundisha uongo unaeleweka. Kesho yake aliwakalisha watoto kwenye magunia ya sabuni akawaambia leo kuna somo jipya. Mimi nitauliza, nyinyi mtasema sijui, hata kama mnajua. Mwanzo walidhani ni mchezo. Nini kinasukuma hewa? Sijui. Chujio ni la kazi gani? Sijui. Walicheka wakasukumana, na kila waliporudia nyuso zao zilizidi kuwa tulivu, mpaka mtu asiyewajua angeamini kweli hawajui kitu. Siwazuri aliona jinsi wanavyolipata haraka, akaogopa.

Mtoto mmoja mdogo, Mkiwa, alishindwa. Kila akiulizwa alitoa jibu lenyewe, kisha akaziba mdomo kwa viganja. Wenzake, kwa desturi ya shule, wakamsogelea kumfundisha. Mtazame mkaguzi puani, usimtazame machoni. Waza kitu kingine. Mkiwa akaanza kulia, nao wakaendelea kumfundisha, kwa upole kabisa, namna walivyozoea kufundishana hesabu.

 Zawena akanyoosha mkono.

"Mama, kesho ukituambia kitu, tutajuaje kama ni cha kweli?"

 Swali lilikuwa limeulizwa, na watoto wote walikuwa wanamtazama.

"Hamtajua," Siwazuri alisema.

Mashine zikaendelea kunguruma. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama yale ya bomba jembamba, ya wiki iliyopita, yalikuwa kweli. Mwingine akauliza kuhusu mbuga za magadi, kama kweli zilikuwapo. Wa tatu akataka kujua kama feni inazunguka kweli au wameambiwa tu. Siwazuri alijibu kimoja baada ya kingine, ndiyo, ndiyo, kweli, akaona hawamwamini tena kama jana. Kila alichowafundisha kilikuwa kinalegea mbele ya macho yake, kwa somo moja la asubuhi moja. Akashikwa na hasira juu ya mkaguzi, juu ya Kombo, na zaidi juu ya nafsi yake.

Akawaambia somo lile halikuwa somo. Jumatatu watajibu kama wanavyojibu siku zote.

Alipomweleza Kombo, fundi huyo alikaa juu ya beseni lililofunikwa akashika kichwa. Alingoja mnong'ono wake umalize kumwamrisha kitu, kisha akasema taratibu:

"Wewe utabaki msafi, dada Siwazuri. Wanangu ndio watakaotiwa punje."

Siwazuri alimwambia ni kweli. Akamwambia wa kwake yumo pia, na kwamba naye anaogopa. Lakini tukiwafundisha kutuogopa na kutotuamini, shule itabaki na watoto watabaki, na hakutakuwa na kitu cha kuwafundisha. Kombo alisema hayo ni maneno mazuri na yeye hana nafasi ya maneno mazuri. Watoto wake watakaa nyumbani. Siwazuri akamjibu kwamba ana haki, naye aliamini hivyo. Wazazi wengine walifanya kama Kombo, na Jumatatu asubuhi magunia mengi yalikuwa matupu.

*

Mkaguzi Taufiki alikuja na askari wawili na muuguzi aliyebeba kisanduku cheupe. Watoto walimwamkia kwa pamoja. Aliitikia marahaba, akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akasimama.

Alianza na maswali madogo. Nini kinasukuma hewa? Mkiwa alijibu, macho yake kwa macho ya mkaguzi, hakuziba mdomo. Chujio linaziba vipi? Wakamweleza vumbi linavyoingia kupitia nyufa za Paa wakati wa upepo, na kwa nini mafundi hulisafisha kwa tarehe na si kwa uchafu. Mnong'ono wao unajua tarehe tu, walisema, na hauna masikio ya kuambiwa kitu. Askari mmoja alianza kutikisa kichwa kama anayeelewa, mwenzake akamgusa kiwiko. Katikati ya maswali mlango ukafunguliwa, Kombo akaingia na watoto wake wawili. Alimwambia Siwazuri, bila kumtazama, kwamba wamemuuliza tangu alfajiri kwa nini hawaendi, na ameshindwa kuwapa sababu. Wale watoto wakakaa.

Mkaguzi akauliza swali lililokuwa limemleta.

"Mnajua namna ya kuzima feni kuu?"

Zawena alisimama. Alieleza kwamba haizimwi kwenye swichi, swichi ni ya kuwashia tu. Unafunga kilango cha pembeni, hewa inakosa pa kutokea, mota inapata joto, na yenyewe inajizima isije ikaungua. Mtu mmoja anaweza, akiwa na bisibisi. Baada ya hapo jiji lina pumzi ya kutosha mpaka usiku, labda.

Askari walikuwa wamesimama wima sasa. Muuguzi alikuwa ameshika shingo yake mwenyewe bila kujua. Mkaguzi akauliza kwa nini hawajawahi kuizima.

"Si mnapumua," Zawena alisema. Alimtazama kidogo kuhakikisha ameelewa, kisha akauliza la kwake, maana anayejibiwa naye huulizwa. "Na wewe, Mheshimiwa, unajua inavyozimwa?"

Taufiki aliinamisha kichwa upande akasikiliza. Akangoja. Siwazuri aliutambua utulivu ule, alikuwa ameuona kwa Machano kila siku, ila hakudhani upo hata Juu.

"Hauniambii," mkaguzi alisema mwishowe. "Unasema si daraja langu." Akajaribu tena, akauliza kwa sauti kwa nini hewa ilikuwa nzito juma lile, akasikiliza, akatikisa kichwa. Hakuna aliyemcheka.

Akamwomba Siwazuri wasogee nyuma, mashine zinaponguruma zaidi, ili mnong'ono wake usisikie. Pale aliinama mpaka karibu na sikio lake, akasema haraka. Mwanawe alikohoa majuma mengi, na jioni ile chujio lilipokung'utwa alilala usingizi mzima. Taarifa ya kwenye korido hakuipeleka yeye, mnong'ono wake ndio ulioipeleka. Lakini kuna swali moja la mwisho ambalo ataliuliza mlangoni kwa sauti, na jibu lake ndilo litakalohesabika: je, yeye ni mwalimu wa watoto hawa?

"Sema hapana. Nitaandika wamesikia kwa mafundi, wakakariri kama kasuku. Tutaondoka na kisanduku chetu kama kilivyokuja."

Siwazuri akamuuliza itakuwaje akisema ndiyo. Akamjibu kwamba palipo na mwalimu aliyekiri, adhabu ni ya mwalimu, na watoto watangoja umri wao. Mkaguzi aliitazama mikono yake mwenyewe alipokuwa anasema hivyo. Akaongeza kwamba punje haitoki ikishatiwa, lakini Siwazuri alilijua hilo.

Kutoka pale mpaka mlangoni si mbali. Watu baadaye walimfanya shujaa, wakasema alitembea kichwa juu. Uongo. Alitaka kusema hapana kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alifikiria asubuhi zake anapoanika mashuka huku akiwaza chochote kinachomjia, na hakuna wa kumkatiza. Alijiambia neno moja dogo kwa mtu wa Juu si uongo hasa. Alijiambia hata Kombo angemwelewa. Mkaguzi akauliza swali lake kwa sauti ya ofisini, na Kombo pale alipokuwa amesimama akamtikisia kichwa, akamwomba kwa macho aseme hapana.

Siwazuri akamtazama Zawena. Mtoto hakuwa anaomba kitu. Hakuonekana hata kuwa na wasiwasi. Alikuwa anangoja jibu tu, kama anavyongoja jibu lolote, ametulia kwa sababu litakuwa la kweli.

"Ndiyo," Siwazuri alisema. "Mimi ni mwalimu wao."

Taufiki alifumba macho. Muuguzi akafungua kisanduku, akamwomba Siwazuri asogeze nywele. Hakuumia sana, alisikia mchomo mmoja na baridi kidogo. Zawena alikuja akamshika mkono muda wote huo akiwa analia bila sauti, na Siwazuri akamwambia ukweli alipomuuliza kama anaogopa.

*

Kunja. Weka. Chukua. Kunja.

Sauti haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali angejua namna ya kuichukia. Ilikuwa sauti ya mtu asiyechoka, na juma la pili mikono ya Siwazuri ilianza kuitii kabla yeye hajaisikia vizuri. Kila alipoanza kuwaza jambo lilikatwa katikati, akabaki na nusu, na nusu ile ikapotea. Machano alikuja siku moja akakaa karibu naye, wakakunja mashuka pamoja bila kuongea. Kabla ya kuondoka alimshika bega dada yake kwa muda mrefu.

Shule iliendelea. Watoto walirudi wote, na wengine wa mtaa wa mabomba wakaongezeka. Asubuhi moja ikawa zamu ya Zawena. Alisimama juu ya gunia akieleza kwa nini nguo inakauka, akasema ni kwa sababu ya moto wa mashine, moto ndio unaoyala maji. Wenzake walikubali.

Siwazuri, pembeni na mashuka yake, alijua kuna kitu hakijakaa sawa. Kunja. Si moto peke yake. Weka. Ukiwasha moto na ukaziba mlango. Chukua. Alikuwa na jambo pale, alilijua miaka yote, kitu kuhusu mvuke na mahali unapokwenda. Kunja. Likamponyoka. Akalirudia tangu mwanzo. Mashine, mlango, mvuke. Weka. Likamponyoka tena, na machozi yakamjia kwa hasira.

Akaliachia shuka likaanguka sakafuni. Chukua, sauti ilisema. Chukua. Chukua. Mikono ilitaka kuliokota. Hakuinama. Alishika nusu ya wazo alilokuwa nalo, hiyohiyo nusu, akanyoosha mkono juu katikati ya watoto.

Darasa likageuka kumtazama. Zawena akashuka kwenye gunia.

"Uliza, Mama," alisema, akakaa chini kumngoja.